Anasoma Vizuri, Ila Haelewi: Kilichokwama Hasa ni Nini?

Mwanafunzi wa miaka 12 anasimama na kusoma aya nzima bila kujikwaa. Sauti inasikika hadi dawati la nyuma, vituo anavizingatia, hata alama ya mshangao ameipa haki yake. Anaketi. Unamuuliza aya ilizungumzia nini, anainama na kuanza kuipitia upya kwa macho kana kwamba ndiyo kwanza anaiona. Kila aliyewahi kushika chaki anamjua mwanafunzi huyu, na wengi wetu tumemwandikia kwenye ripoti maneno yale yale: aongeze bidii katika kusoma.

Bidii ya kufanya nini? "Hajui kusoma" na "hajui kuandika" ni vikapu. Ndani yake mna matatizo matano au sita yasiyofanana, na dawa ya hili hailitibu lile. Kwa wanafunzi wa miaka 11 hadi 14 hivi mkanganyiko huzidi, maana kazi yenyewe imegeuka: jana walikuwa wakijifunza kusoma, leo wanatakiwa wasome ili wajifunze. Kitabu cha sayansi hakimsubiri mtu. Kwa hiyo kabla ya kutafuta mbinu, inafaa kumwaga kikapu mezani na kuona kilichomo.

Kipimo cha dakika kumi

Mwaka 1986 watafiti Philip Gough na William Tunmer walieleza usomaji kwa hesabu fupi: kuelewa maandishi ni zao la mambo mawili, yaani uwezo wa kuyageuza maandishi kuwa maneno, na uwezo wa kuielewa lugha yenyewe. Walisema zao, si jumla, na hapo ndipo penye uzito. Ukijumlisha, upande mmoja ukiwa mdogo mwingine unaweza kuufidia. Ukizidisha, sifuri upande mmoja inafuta kila kitu.

Kwetu sisi tunaofundisha kwa Kiswahili hapo pana mtego. Kiswahili huandikwa karibu kama kinavyotamkwa, hivyo mtoto aliyekwisha kuzijua silabi anaweza kutamka "utandawazi", "uyeyushaji" na "mkanganyiko" bila kujua maana ya hata moja. Sikio letu linamsifu, tunasonga mbele. Usomaji wa sauti unatuambia kidogo sana kuliko tunavyodhani.

Chukua kifungu cha aya mbili ambacho mwanafunzi hajawahi kukiona. Aya ya kwanza aisome mwenyewe kwa sauti, kisha akusimulie. Ya pili umsomee wewe, naye akusimulie. Akisimulia vizuri aliyoisikia na kushindwa aliyoisoma, tatizo liko kwenye kuyatambua maneno: kazi hiyo inamla nguvu zote, haibaki ya kufikiria maana. Akishindwa zote mbili, usimpe mazoezi ya silabi, utampotezea muda. Kinachokosekana ni msamiati, maarifa ya jambo lenyewe, au uzoefu wa lugha ya vitabuni. Akisimulia zote mbili vizuri lakini bado anafeli mtihani wa ufahamu, basi kilichokwama ni kusoma kati ya mistari au kuandika jibu. Kundi hili la tatu ni kubwa kuliko unavyotarajia, na ndilo linaloambiwa "ongeza bidii" mara nyingi zaidi.

Kwa kundi la kwanza tiba inajulikana: kurudia. Jay Samuels aliandika kuhusu jambo hili mwaka 1979, kwamba kifungu kifupi kikisomwa mara kadhaa hadi kiende kwa wepesi, wepesi huo huhamia hata kwenye vifungu vipya. Shida ni kwamba mtoto wa miaka 13 ukimwambia "soma tena" anahisi ameadhibiwa. Mpe sababu ya kurudia: tamthilia fupi itakayoigizwa Ijumaa, au taarifa ya habari ya darasa ambapo kila kikundi kina msomaji wake. Atarudia mara nane bila kulalamika. Ule utaratibu wa kusoma kwa zamu, mstari mmoja mmoja kuzunguka darasa, ningeuacha kabisa. Mwenye zamu anaona aibu, na waliobaki wanahesabu mistari kujua wao watapangiwa upi. Hakuna anayesoma.

Kumfungulia mwanafunzi kichwa chako

Tazama kwanza sentensi hii, ambayo haina maana yoyote: "Mngolozi alipemboa vigwesi vitatu kando ya fupwe." Sasa jibu. Nani alipemboa vigwesi? Mngolozi. Alipemboa vingapi? Vitatu. Wapi? Kando ya fupwe. Umepata tatu juu ya tatu, na hujui lolote. Maswali mengi ya ufahamu tunayotunga yako hivyo, na wanafunzi wamegundua zamani: tafuta neno la swali ndani ya kifungu, nakili kilicho karibu nalo.

Msomaji mzuri hufanya mambo ambayo hayaonekani kwa nje. Anasimama, anarudi nyuma, anakisia, anajikosoa. Mwanafunzi anayehangaika hajawahi kuona hayo yakitendeka, kwa hiyo anadhani wenzake wanaelewa kwa bahati. Njia ya kumwonyesha ni kufikiri kwa sauti mbele yake. Chukua kifungu kama hiki:

"Bibi alifunga dirisha. Akaitoa barua kifuani, akaikunja kwa mara ya nne, akaisukuma chini ya mto. Mjukuu aliposimama mlangoni, bibi alikuwa ameshika sindano na uzi. 'Posta hawajapita leo,' alisema kabla hajaulizwa."

Mwalimu anasoma na kusimama: "'Kwa mara ya nne.' Kumbe alikwisha kuikunja mara tatu kabla. Barua ya salamu tu mtu haifungui na kuikunja hivyo. 'Chini ya mto'... hapa nilianza kuona maji, lakini yuko ndani na amefunga dirisha, basi ni mto wa kulalia. Nimerudi, nimerekebisha. 'Posta hawajapita leo.' Mbona barua anayo? Labda ni ya jana, labda ililetwa na mtu. Au anaficha. 'Kabla hajaulizwa.' Hapo sasa naegemea kwenye kuficha, maana mtu asiye na jambo husubiri swali."

Dakika tatu zinatosha. Sehemu yenye faida kubwa kuliko zote ni ule mto: mwalimu amekosea, amegundua, amerudi. Walimu wengi wanapofikiri kwa sauti hugeuza zoezi kuwa maonyesho ya jinsi wanavyojua, na mwanafunzi anabaki na imani ile ile kwamba wajuzi hawakwami. Kwama mbele yao. Na usicheke, katika kila darasa yupo mmoja ambaye hadi mwisho wa kifungu bibi yake alikuwa kando ya maji.

Baada ya hapo, uongozi uwaendee wao. Annemarie Palincsar na Ann Brown walichapisha mwaka 1984 utafiti wao na wanafunzi wa darasa la saba waliokuwa na hali ile ile ya kutamka vizuri na kuelewa kidogo. Katika vikundi vidogo, mwalimu na wanafunzi walipokezana kuongoza mazungumzo kwa kazi nne: kuuliza swali, kufafanua palipokuwa na utata, kufupisha, na kutabiri kinachofuata. Uelewa wao ulipanda. Mbinu hii imesambaa sana, na katika kusambaa imechujuka. Siku hizi utakuta kadi nne zenye rangi. Huyu ni "mtabiri", yule ni "mfupishaji", kila mmoja anasoma sentensi yake na kunyamaza. Kilichofanya kazi hakikuwa kadi. Kilikuwa kupokezana, na mwalimu aliyekaa humo humo akisaidia pale swali lilipokuwa dhaifu, huku akijiondoa kidogo kidogo.

Ukiuliza, ngoja. Mary Budd Rowe alipopima madarasa katika miaka ya 1970 alikuta walimu wakisubiri kama sekunde moja baada ya swali kabla ya kujijibu wenyewe au kumwita mwingine. Waliposubiri sekunde 3 au zaidi, majibu yalirefuka na waliozoea kunyamaza wakaanza kusema. Sekunde tatu ukiwa mbele ya darasa ni ndefu mno. Hesabu kwa vidole nyuma ya mgongo.

A- ni nani, -m- ni nani?

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu ni jambo la Kiswahili chenyewe na mwongozo wa kufundisha uliotungwa kwa lugha nyingine hauwezi kukuambia. Soma: "Salimu alimwambia Hamisi kwamba kaka yake amemkosea." Kaka wa nani? Amemkosea nani? Sentensi hii peke yake inabeba maana nne, na mazungumzo yaliyoizunguka ndiyo yanayoamua ipi ni sahihi. Au hii: "Msichana aliyemwona mwalimu alikimbia." Nani alimwona mwenzake? Inaweza kusomwa kwa njia mbili.

Kiswahili hufunga watu ndani ya kitenzi. Kiambishi kimoja cha herufi moja kinabeba mhusika mzima, na hakisemi kama ni mwanamke au mwanaume. Katika hadithi yenye wahusika watatu, aya moja inaweza kuwa na "akamwambia", "hakumjibu", "alipomkuta" zikifuatana, na mwanafunzi aliyepoteza uzi kwenye ya kwanza amepoteza zote. Anaendelea kutamka, bila shaka, na anatamka vizuri.

Zoezi lake ni rahisi mno hata linaonekana la kitoto. Piga kifungu chapa kwa nafasi pana. Wanafunzi, wawili wawili, wanazungushia kila kiambishi cha mtu na kuchora mshale hadi kwenye jina lake. Mishale ikigongana kati ya jozi mbili, hapo ndipo somo lilipo: kila jozi iseme ni neno gani katika kifungu lililowaelekeza. Wiki mbili za zoezi hili, dakika saba kila kipindi, na wengi wa kundi la tatu huanza kujibu maswali ambayo hapo awali walikuwa wakiyakisia.

Maneno, na kujua jambo lenyewe

Orodha ya maneno 20 magumu na maana zake ubaoni haifai sana. Isabel Beck na wenzake wamependekeza tugawe maneno katika ngazi tatu: ya kila siku, ambayo mtoto anayo tayari, ya fani, kama "usanisinuru", ambayo mwalimu wa somo husika atayafundisha, na ya katikati, yanayojitokeza kila mahali katika maandishi lakini kwa nadra katika mazungumzo. Nguvu zetu ziende katikati. Kwa Kiswahili nadhani ni maneno kama kusita, kubainisha, dhahiri, hatimaye, kinyume, kushurutisha, tahadhari. Chagua matano kwa wiki, yatumie kwa kuuliza na si kwa kukariri. Mtu anaweza kusita bila kuogopa? Lipi lina uhuru mdogo, kuombwa au kushurutishwa? Atakayejibu hilo ameshalimiliki neno.

Tumia pia ukarimu wa mnyambuliko. Kutoka "sahihi" unapata sahihisha, sahihishwa, usahihi, masahihisho, msahihishaji. Kutoka "hukumu" unakwenda kwa hakimu na mahakama. Neno moja likieleweka vizuri, matano yanafuata nyuma yake.

Maarifa ya jambo lenyewe ni habari nyingine, na mara nyingi tunaisahau. Mwaka 1988 Donna Recht na Lauren Leslie waliwapa wanafunzi 64 wa umri huu kifungu kinachoeleza sehemu ya mchezo wa besiboli. Waliokuwa wasomaji dhaifu lakini wanaujua mchezo waliikumbuka na kuieleza habari hiyo vizuri kuliko wasomaji hodari wasioujua. Kwa maneno mengine, "msomaji dhaifu" hayuko dhaifu kila mahali. Mwalimu wa lugha anayeruka kutoka tembo Jumatatu hadi benki Jumatano hadi volkano Ijumaa anawarudisha wanafunzi sifuri kila mara. Kaa na mada moja wiki mbili: makala, shairi, barua, takwimu kwenye jedwali, vyote vikizungumzia jambo lile lile. Kifungu cha nne kitakuwa kigumu kuliko cha kwanza, na watakisoma kwa urahisi zaidi.

Sentensi ndiyo daraja

Sasa kuandika. Kosa letu kubwa ni kudhani kwamba insha ndiyo kipimo kidogo kabisa cha kuandika, kwamba usipoandika ukurasa hujaandika. Mwanafunzi ambaye sentensi zake hazishikani hatashikamanisha aya, na ukurasa mzima utampa tu nafasi ya kukosea mara 30 badala ya mara tatu. Mimi ningeanza na sentensi, tena sentensi inayotoka katika kilichosomwa. Mrudie bibi:

Bibi alisema posta hawajapita kwa sababu...
Bibi alisema posta hawajapita ingawa...
Bibi alisema posta hawajapita ili...

Angalia kinachotakiwa katika kila mstari. "Kwa sababu" inadai chanzo: hakutaka mjukuu ajue habari za barua. "Ingawa" haijaziki mpaka mwanafunzi aone mgongano: barua ilikuwa chini ya mto wake. Aliyesoma juu juu atakwama hapo, na atakwama waziwazi, mbele ya daftari lake, si kwenye mtihani miezi mitatu baadaye. "Ili" inadai nia, na juu ya hayo inadai kitenzi kibadilike: ili mjukuu asiulize. Sarufi imeingia kwa mlango wa mbele, kwa kuwa imehitajika. Zoezi la dakika kumi limepima ufahamu, limefundisha viunganishi na dhamira tegemezi (umbo la kitenzi kama "asiulize"), na kulisahihisha ni kupita kati ya madawati ukiangalia.

Zoezi la pili ni kuunganisha. Toa sentensi fupi nne: Bibi alipata barua. Barua ilikuwa ndefu. Barua ilitoka kwa mwanawe. Bibi hakuijibu. Wazifanye moja. Mmoja ataandika, "Bibi hakuijibu barua ndefu aliyoipata kutoka kwa mwanawe." Mwingine, "Ingawa barua aliyoipata kutoka kwa mwanawe ilikuwa ndefu, bibi hakuijibu." Zote ni sahihi, lakini hazisemi jambo moja. Ya pili inadokeza kwamba urefu ule ulistahili jibu. Ina lawama kidogo. Mjadala wa kwa nini ni hivyo una thamani kuliko zoezi lenyewe.

Steve Graham na Dolores Perin, katika ripoti yao ya mwaka 2007 iliyojumuisha tafiti nyingi za wanafunzi wa darasa la nne hadi la 12, walikuta kuunganisha sentensi kunainua uandishi, ilhali kufundisha sarufi peke yake, mbali na uandishi, hakukuinua. Matokeo yake yalikuwa hata upande wa hasi. Mwenye kuisoma ripoti hiyo asikimbilie kuitupa sarufi. Kinachokosa faida ni kupigia mstari ngeli kwenye sentensi 40 zisizo na mwenyewe, kisha kutumaini kwamba Jumatano insha itakuwa imebadilika.

Insha, na daftari 45 mezani

Linda Flower na John Hayes walionyesha mwaka 1981 kwamba mwandishi hapangi, kisha akaandika, kisha akapitia, kama anayepanda ngazi. Huyafanya yote kwa kurukaruka, hata ndani ya sentensi moja. Mwandishi mzoefu anaumudu mruko huo. Mwanafunzi anayefikiria tahajia, mwandiko, hoja na saa kwa pamoja anaelemewa, na anayeelemewa huandika lile lililo karibu: "Maji ni muhimu sana. Maji yana faida nyingi."

Mpunguzie mzigo. Aiseme kwanza hoja yake kwa jirani, kwa mdomo, dakika mbili. Andikeni aya ya kwanza pamoja ubaoni, wewe ukishika chaki na kufuta bila huruma sentensi uliyoipenda mwenyewe. Na mada iwe na msomaji. "Umuhimu wa maji" hauna msomaji. "Mwandikie mwanafunzi mgeni atakayejiunga wiki ijayo mambo matatu ambayo hakuna atakayemwambia" una msomaji, una siri, una sababu ya kuchagua jambo moja na kuacha jingine.

Kupitia upya nako kunahitaji kufundishwa, kwani kwa wanafunzi wengi "nakala ya pili" maana yake ni kunakili kwa mwandiko safi. Toa amri zinazopimika. Futa maneno 20 bila kupoteza hoja. Ondoa aya ya kwanza kabisa, uone kama insha imeumia. Mara nyingi haiumii, imeanza kuamka. Msomee jirani kwa sauti, na kila anapokunja uso weka alama.

Halafu lile rundo. Daftari 45, dakika tano kila moja, ni dakika 225, karibu saa nne kwa insha moja ya darasa moja. Kalamu nyekundu inatembea kila mstari, na mwanafunzi akipokea daftari anaangalia kitu kimoja tu: 11 juu ya 20. Ruth Butler alilipima hilo mwaka 1988. Wanafunzi waliopewa maoni bila alama waliboresha kazi zao; waliopewa alama pekee hawakuboresha, na waliopewa vyote viwili nao hawakuboresha. Alama ilikuwa imeyameza maoni.

Kwa hiyo tenganisha. Chagua lengo moja kwa insha moja, tuseme viunganishi, na utangaze kabla hawajaandika. Unaposahihisha, usirekebishe; weka nukta ya penseli pembezoni mwa mstari wenye kosa la aina hiyo na uache. Mwanafunzi apewe dakika kumi darasani kulitafuta na kulirekebisha, akishindwa amuulize jirani kabla ya kukujia wewe. Makosa matatu yaliyojirudia kwa wengi yaandike ubaoni bila jina la mtu. Alama iingie kwenye rejista kesho yake, baada ya nukta kushughulikiwa. Wiki ya kwanza kelele zitakuwa nyingi na nusu ya darasa litadai kwamba mstari wao hauna kosa. Wengine watakuwa wanasema kweli: ulichoka, ukaweka nukta mahali pasipo pake.